Rivyu: kozi ya wiki nane ya kujifunza kutokana na majanga (nimeimaliza, haya ndo ya kwangu)

Bwana asifiwe wapendwa. Nimemaliza juzi, wiki nane kamili, cheti nimepata cha kwenye simu, jina langu wamekosea herufi moja lakini hilo tuachane nalo. Kozi yenyewe ni ya mtandaoni na inatolewa na huduma moja ya Kikristo, jina siliweki hapa maana kuna mambo ntayasema sio mazuri na sitaki ionekane nimekuja kumchafua mtu, wenyewe wakisoma watajijua. Kila wiki kuna video mbili, kuna masomo ya kusoma mwenyewe, kuna kazi ya kuandika kwenye apu yao sehemu wanaiita Daftari, alafu jioni moja mnakutana kwa Zoom watu kama kumi na mbili hivi na mwalimu mmoja mnajadili. Mada ni mtu aliyepitia janga ajifunze nini kwa jicho la imani, asibaki na hofu tu na asibaki na ushuhuda tu.

Hapo kwenye "asibaki na ushuhuda tu" ndo waliponikamata, maana mi nilikuwa na ushuhuda aisee.

Sebule yetu iliungua. Usiku, watu wamelala, moto ukaanzia nyuma ya tivii ukapanda pazia, ukala kochi, ukala albamu ya picha za harusi, mimi nikaamka kwa kikohozi nikadhani ni mafua. Tulitoka wote wanne wazima, mtoto mdogo nimembeba na blanketi. Basi nikatoa ushuhuda kanisani Jumapili, nikautoa tena kwenye maombi ya katikati ya wiki, nikautoa mara ya tatu kwenye mkutano mmoja nilipoalikwa kabisa kuutoa, na kila nikiutoa unanoga zaidi, kikohozi kinakuwa kirefu, moshi unakuwa mweusi zaidi, watu wanapiga makofi na vigelegele. Sikuwa nadanganya, Mungu alituokoa kweli na bado nasema hivyo. Ila sikilizeni wiki ya tatu ilivyonifanya.

Tuanze na wiki ya kwanza, hiyo haraka tu. Ni utangulizi, kujuana, sheria za grupu, cha kusemwa humu kibaki humu. Video ya kwanza sauti iko chini mpaka unaweka simu sikioni kama unapigiwa, ya pili iko sawa. Hakuna cha kusimulia.

Wiki ya pili ni maombolezo na hapa niliwapenda. Wanasema kabla hujajifunza chochote lia kwanza, alafu wanakupeleka kitabu cha Maombolezo wanakuonyesha kilivyojengwa. Mi nimekisoma miaka yote na sikuwahi kujua kwamba sura nne za kwanza zinafuata alfabeti ya Kiebrania, herufi 22, ndo maana sura ya 1, ya 2 na ya 4 zina mistari 22 kila moja na ya 3 ina 66, yaani tatu kwa kila herufi. Sura ya 5 nayo ina mistari 22 lakini alfabeti imeachwa. Mwalimu akasema huyu mtu mji wake umeteketea na bado anapanga kilio chake herufi kwa herufi kana kwamba anataka asiache kitu hata kimoja bila kukililia. Na yale maneno tunayoyapenda, ya rehema za Bwana kuwa mpya kila asubuhi, yako katikati, sura ya 3, hayako mwisho. Mwisho wa kitabu ni swali, kwamba au umetukataa kabisa? Kinaishia hapohapo. Zaburi ya 88 nayo inaishia gizani kabisa na hakuna aliyeongezea mstari wa kuitengeneza. Kazi ya wiki ilikuwa kuandika kilio chako mwenyewe kwa kufuata alfabeti, A hadi Z. Nilifika hadi M nikasimama, nikamaliza kesho yake. Ikumbukeni hii kazi, ntairudia mwishoni.

Sasa wiki ya tatu. Inaitwa Mawe. Wanaanza na Yoshua sura ya 4, yale mawe kumi na mawili yaliyotolewa katikati ya Yordani, kila kabila mtu mmoja na jiwe lake begani, yakawekwa Gilgali ili watoto wakija kuuliza haya mawe ya nini baba zao wawe na cha kujibu. Hiyo tunaijua wote toka shule ya Jumapili. Kisha wanaenda 1 Samweli 7:12, Samweli anasimamisha jiwe analiita Ebenezeri, hata sasa Bwana ametusaidia, nayo tunaijua, imeandikwa kwenye magari na kwenye milango ya watu. Kumbe hiyo ni nusu ya habari. Mwalimu akaturudisha nyuma sura ya 4, na pale Israeli walipiga kambi wapi kabla ya vita? Ebenezeri. Jina lilelile. Wakapigwa, wakafa kama 4,000. Wazee wakauliza swali zuri kabisa, mbona Bwana ametupiga leo, ila jibu hawakulisubiri, wakakimbilia Shilo kuchukua sanduku la agano waende nalo vitani kama vile ni hirizi, wakapiga kelele mpaka nchi ikavuma, wakarudi vitani wakafa 30,000 na sanduku likatekwa. Mara ya kwanza 4,000, mara ya pili 30,000, na kilichobadilika katikati ni kelele tu. Ikapita miaka 20. Jiwe la Samweli linakuja baada ya watu kuondoa Mabaali na Maashtorethi kwanza, yaani sanamu za miungu ya kigeni, ni mistari michache tu kabla, na liliposimama likaitwa kwa jina la mahali walipopigwa. Nimelihubiri hilo jiwe mimi, kwa mdomo wangu huu, na sikuwahi kufungua sura ya 4.

Kwenye somo la kusoma mwenyewe wameweka majanga matatu ya historia na ndo sehemu tamu kuliko zote kwenye kozi nzima. Kuna kijiji cha Aneyoshi huko Japani, pwani ya kaskazini mashariki, tsunami ya 1896 ilikifagia, ikaja ya 1933 ikakifagia tena, waliobaki wakapandisha jiwe juu mlimani wakachonga onyo kwamba msijenge nyumba chini ya hapa. Wakahamia juu wakakaa huko. Machi 2011 bahari ikaja tena, maji yakapanda mlima yakaishia chini ya lile jiwe, nyumba zikabaki. Wao sio Wakristo na somo halijifanyi kwamba ni Wakristo, ila nikawaza jiwe la Yoshua linataka nini zaidi ya hilo, mtoto anauliza hili jiwe la nini anajibiwa mwanangu hapa ndo mwisho wa kujenga.

Alafu wameweka London, na hii imenikaa kwa sababu ya moto wangu. Septemba 1666 moto ulianza kwenye nyumba ya mwokaji mikate mtaa wa Pudding Lane, upepo mkali, nyumba za mbao zimebanana, ukala nyumba zaidi ya 13,000 na makanisa 87 pamoja na kanisa kuu la St Paul. Sa watu wakamtafuta mchawi. Ikasemwa ni Wakatoliki, ni wageni, ni Wafaransa. Akapatikana Mfaransa mmoja Robert Hubert akakiri, wakamnyonga, na baadaye ikaonekana alifika London siku mbili baada ya moto kuanza. Wakajenga mnara wa kumbukumbu, upo mpaka leo, na mwaka 1681 wakaongeza maneno kwenye mnara kwamba moto ule ni kazi ya Wakatoliki. Yale maneno yalikuja kufutwa kabisa 1830. Yaani kwa sehemu kubwa ya miaka karibu 150 jiwe limesimama katikati ya mji linasema uongo, na mtoto wa Mprotestanti akimuuliza babake jiwe hili la nini anafundishwa kumchukia jirani. Hilo halikuwahi kunijia akilini, kwamba jiwe la kumbukumbu linaweza likakumbusha vibaya. Na wakati huohuo, mwaka 1667, ilipita sheria kwamba nyumba mpya zijengwe kwa matofali au mawe. Janga moja likazaa masomo mawili, moja la kweli na moja la chuki.

La tatu ni Lisbon, mji mkuu wa Ureno, 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa yamejaa, mishumaa inawaka, tetemeko likapiga, kisha moto, kisha bahari. Mkidhani sisi ndo wa kwanza kuuliza Mungu alikuwa wapi watu wakiwa kanisani, wale walishauliza, na wakawepo wahubiri wa kusema ni adhabu. Ila serikali ikapeleka karatasi ya maswali parokia zote. Tetemeko lilichukua muda gani. Bahari ilianza kwa kupanda au kwa kushuka. Nyumba ngapi zimeanguka, watu wangapi wamekufa, nyufa zimetokea wapi, moto uliwaka siku ngapi. Na waliokuwa wanajibu ni mapadre wa parokia wenyewe. Mnaona lile swali la bahari? Maana ikishuka kwanza hiyo ni ishara, mtu akiijua anakimbia. Watu wa sayansi ya matetemeko mpaka leo wanasoma zile karatasi. Nikajiuliza padre aliyezika watu kutwa nzima jioni anakaa anaandika dakika ngapi na maji yalishuka kiasi gani, na mi kwa akili yangu naona ile nayo ilikuwa ibada.

Basi kazi ya wiki ikawa tengeneza karatasi ya Lisbon ya janga lako. Maswali kumi, majibu ya vitu tu, hakuna mstari wa Biblia, hakuna "kwa neema ya Mungu", na umhoji angalau mtu mmoja aliyekuwepo.

Nikamuita mke wangu, tukakaa sebuleni, naandika kwenye simu. Ilianza saa ngapi. Nani aliamka kwanza. Mlango ulikuwa wazi? Ulikuwa umefungwa na ufunguo uko kwenye mfuko wa suruali yangu chumbani, ndo maana tulichelewa, na hilo kwenye ushuhuda silisemi, huwa nasema "mlango ukafunguka". Nikafika swali la sita, je kulikuwa na dalili yoyote kabla. Nikaandika hakuna. Mke wangu akacheka, sio cheko la furaha.

"Baba watoto, andika ukweli. Ile plagi si nilikwambia inaunguza mkono?"

"Lini?"

"Wiki mbili kabla. Ukasema ntaiangalia."

Nikakaa kimya. Kumbe kweli aliniambia, nimesimama palepale mlangoni natafuta viatu. Nikafuta hakuna nikaandika plagi ilikuwa na joto wiki mbili, nimeambiwa, sikuangalia. Swali la saba, baada ya janga umebadilisha nini ndani ya nyumba. Nikaanza kuandika pazia jipya, kochi jipya, kapeti jipya, kisha nikainua macho nikaangalia tivii, na nyuma ya tivii waya unaingia chini ya kapeti jipya kwenda kwenye ekstensheni mpya ambayo niliinunua mimi mwenyewe, nikaiweka palepale, yenye tivii na friji na pasi na hita ya majira ya baridi. Palepale jamani. Ushuhuda mara tatu na plagi ipo palepale. Nimerudi vitani na sanduku na kelele, Mabaali yako chini ya kapeti.

Fundi umeme alikuja kesho yake, akasema waya wa ekstensheni ni mwembamba, haukutengenezwa kubeba hita na friji kwa pamoja, na waya ukifunikwa na kapeti joto halina pa kutokea. Friji na hita zikapata soketi zake ukutani kila moja na laini yake, breka ikabadilishwa, tukafunga kile kifaa cha kugundua moshi kwenye korido ya vyumba, na ufunguo wa mlango unakaa kwenye ndoano pembeni ya mlango kila mtu anaujua. Ile ekstensheni ilikuwa na miezi mitano tu, fundi akaipasua akanionyesha, plastiki ya ndani imeshaanza kuwa rangi ya kahawia upande mmoja. Nimeikata kipande nimekiweka kwenye rafu juu ya tivii. Mgeni akiuliza mtoto ndo anajibu.

Kwa hiyo mtu akiniuliza wiki ya tatu ina thamani gani, siwezi hata kuipigia hesabu.

Wiki ya nne nzuri pia. Inahusu kujikinga kama sehemu ya imani, na wanaanza na Kumbukumbu la Torati 22:8, ile sheria kwamba ukijenga nyumba mpya weka ukuta mdogo kuzunguka paa mtu asije akaanguka damu ikawa juu yako. Mi huo mstari nilikuwa naupita kama matangazo. Alafu wanamleta Martin Luther, yule mwanzilishi wa Uprotestanti, mwaka 1527 tauni iko Wittenberg, mji wake huko Ujerumani, chuo kikuu kimehamishiwa Jena, yeye amebaki na mke wake mjamzito na nyumba imegeuka hospitali, na anaandika barua ya kujibu swali kama Mkristo anaruhusiwa kukimbia tauni. Anasema mwenye wajibu kwa wagonjwa abaki, asiye nao akiondoka hajatenda dhambi, ila anawapiga pande zote mbili, mwoga anayemwacha jirani anakufa na pia mjasiri wa kijinga anayekataa dawa na kujichanganya na watu akisema anamtumaini Mungu, huyo anaona anamjaribu Mungu. Mjadala wa grupu siku hiyo ulikuwa moto, kuna kaka mmoja alishikilia kwamba kufunga mkanda kwenye gari ni sawa ila kuzidisha tahadhari ni kukosa imani, akaulizwa mpaka wa kuzidisha uko wapi, muda wa Zoom ukaisha hajajibu.

Sasa yasiyo mazuri.

Wiki ya tano inaitwa Faida za Janga, na hapa kozi inaharibika. Kila mtu aandike faida tatu alizopata kutokana na janga lake alafu azisome kwa grupu. Tukaanza, mmoja akasema amejifunza kuweka akiba akataja Yusufu na ile sehemu moja ya tano ya mavuno ya miaka saba ya shibe, sawa, mwingine akasema ugonjwa ulimrudisha kwa Mungu, sawa. Mimi nikasema plagi, watu wakacheka vizuri. Ikafika zamu ya mama mmoja mtu mzima, huwa kamera yake inaonyesha nusu ya uso na dari, na tulikuwa tunajua toka wiki ya kwanza kwamba alizika mwanae.

Akasema, "Mwalimu, mimi sina faida tatu."

Mwalimu akamwambia mama jitahidi, hata moja. Mama akanyamaza. Mwalimu akaendelea, akasema Warumi 8:28 mambo yote, mama, sio baadhi, akasema labda Mungu alikuwa anakuandaa, labda alikuwa anamwepusha mtoto na jambo baya zaidi. Ilikuwa ngumu kusikiliza. Mi nimewasha maiki nimezima nimewasha nimezima, sijasema kitu, na hilo linaniuma mpaka leo. Aliyeokoa ni mzee mmoja ambaye tulidhani huwa anasinzia, akafungua maiki akasema, "Mama, usitafute. Tuko na wewe hapa." Basi. Mama akaanza kulia na watu wakakaa nae kimya mpaka muda ukaisha, na mwalimu kwa heshima yake nampa hili, alinyamaza nae.

Cha kushangaza ni kwamba somo lao wenyewe la wiki ya pili lilishakataza jambo hilo. Marafiki wa Ayubu walikaa nae chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na hiyo ndo sehemu pekee waliyofanya vizuri, walipofungua midomo wakaanza kueleza ndo wakaharibu, mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, sio Ayubu aliyekuwa anapiga kelele. Na Yesu kwenye Luka 13 alipotajiwa watu waliouawa akaongeza mwenyewe habari ya mnara wa Siloamu ulioua watu 18, akauliza mnadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wengine? Akasema sivyo. Hakueleza mnara ulianguka kwa nini wala hakuwapa wafiwa faida tatu, wito wa kutubu aliwapa walio hai waliosimama pale wanasikiliza.

Nimelifikiria sana hili na kwa jinsi ninavyoona, kuna janga lenye plagi na kuna janga lisilo na plagi. Langu lina plagi. Lina dalili, lina mtu aliyeonya, lina mtu aliyesema ntaiangalia, na mtu wa hivyo ukimbembeleza tu unamuua, mkalishe umpe karatasi ya Lisbon ajaze. La yule mama halina. Mtoto alilala hakuamka, madaktari wenyewe hawakuwa na cha kumwambia, sa unamuuliza somo gani? Ukimlazimisha somo atajitafutia plagi ya uongo, ataanza kusema labda nilimfunika vibaya, labda sikufunga kuomba, na hapo umemwekea ule mnara wa London moyoni na maneno yake ya uongo. Kozi imejengwa na mtu mwenye janga lenye plagi, inaonekana wazi, na wote wanapitishwa njia moja.

Nikawaandikia kwenye sehemu ya huduma kwa wateja, kistaarabu tu, nikaeleza kilichotokea na nikashauri wiki ya tano mtu awe na uhuru wa kuiruka au iwe na kazi mbadala. Siku kumi na moja. Jibu likaja na mstari wa Biblia na kuponi ya punguzo kwa kozi inayofuata. Mstari wenyewe ulikuwa Warumi 8:28. Nilicheka peke yangu.

Wiki ya sita na ya saba sikumbuki sana kuwa mkweli, zinarudia. Kitu kimoja kizuri wiki ya sita ni Matendo 11, Agabo anatabiri njaa, ikaja kweli wakati wa Klaudio, na wanafunzi wa Antiokia hawakai kujadili nani kasababisha, wanachanga kila mtu kwa kadiri alivyo nacho wanawapelekea ndugu wa Uyahudi kwa mkono wa Barnaba na Sauli. Dakika tano za video, wangeipa wiki nzima mimi ningefurahi. Wiki ya nane ni kufunga, maombi, kila mtu anasema jiwe lake ni nini. Yule mama alikuja. Akasema jiwe lake ni jina la mwanae, akalitaja, akazima kamera.

Kuhusu apu sasa, maana kuna watu mtauliza. Inakula bando, video hazipakuliki ukaangalia baadae, ukitoka katikati inakurudisha mwanzo. Hayo navumilia. Ila wiki ya sita wakafanya maboresho ya apu, nikafungua Daftari langu nikakuta tupu kuanzia wiki ya kwanza hadi ya tano. Kile kilio changu cha alfabeti, A hadi Z, kimeenda. Wengine kwenye grupu nao vilevile. Kozi nzima ya kukumbuka, na Daftari lenyewe limesahau. Karatasi ya Lisbon ilipona tu kwa sababu mke wangu aliipiga picha skrini amtumie dada yake wacheke plagi.

Nani ajiunge? Wewe uliyepata ajali, moto, mafuriko, biashara imekufa, deni limekubana, na ndani yako unajua kuna mahali uliambiwa ukasema ntaiangalia, nenda, na wiki ya tatu usiifanye peke yako, ifanye na mtu atakayekucheka. Viongozi wa makanisa mnaopokea shuhuda kila Jumapili nanyi nendeni, hasa mimi mwenzenu nilivyopokelewa mara tatu na hakuna hata mmoja aliyeniuliza moto ulianzia wapi. Ila uliyefiwa karibuni subiri kwanza, au jiunge uishie wiki ya pili, hakuna atakayekudai cheti. Na wote, nunueni daftari la karatasi.

Nyota tatu na nusu. Zingekuwa nne, nawadai kilio changu, nilikuwa nimekipata vizuri sana kwenye M.